Dakika Hamsini Hadi kwa Mama Mkwe

Mshauri mpenzi, mimi ni bwana harusi wa miezi minne, na sidhani kama Tanganyika nzima yuko mtu aliyepewa mke kama Mwanajuma wangu, akicheka nyumba yetu ya Tanga yote hujaa nuru, ila sasa ameacha kucheka na ndiyo maana nakulilia. Nilipokwenda kumposa kwao Mlingotini, karibu na Bagamoyo, mama yake, Bi Mwaija, alisita kumwachia binti yake wa pekee aende mbali, nami kwa kuwa nimesoma hadi darasa la kumi na ramani naijua nikamtoa hofu kwamba kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni maili mia na ishirini tu kwa ndege, dakika hamsini, akituita tumefika, akaridhia, nami nikaapa moyoni kwamba mke wangu atarudi kwao mara ya kwanza kwa njia ya angani, apite juu ya minazi ya utoto wake, mkono wake umo mkononi mwangu. Basi mwezi wa kwanza viti vilijaa, wa pili masika yakajaza maji uwanja wa ndege, wa tatu fundi hakumaliza gauni la safari, na sasa shemeji yangu Sadallah ameandika kwamba macho ya mama yanaingia ukungu, daktari hakumpa matumaini, na kila Jumanne akiisikia ndege ya kutoka Tanga hutoka uani akaipungia kanga na kuuliza kama tumo. Mwanajuma anataka basi, mimi namwomba avumilie wiki tatu tu, nimeahidiwa viti vya dirishani, naye akanijibu, "Haji, mama hataki kuniona nikitoka mawinguni. Anataka kuniona." Tangu hapo hanisemeshi. Nimfanyeje aelewe penzi langu?

Haji, Tanga

Bwana Haji,

Mkeo amekwisha kukushauri, tena kwa maneno machache kuliko nitakayotumia mimi.

Darasa la kumi lilikufundisha maili, halikukufundisha kujumlisha. Ndege yako haishuki Mlingotini. Itapita juu ya paa la mkweo, iwashushe Dar es Salaam, halafu mrudi kaskazini kwa gari nusu siku katika mchanga, na gauni la fundi liwe rangi ya udongo. Na hizo dakika hamsini zimekwisha kula miezi minne! Mtu wa miguu angekuwa amefika, amekula, amerudi, na amekwenda tena.

Kwamba unampenda sina shaka. Lakini unampenda kama picha ya kutundika. Mama mtu mzima anapungia bati la angani kwa sababu alikuamini wewe, nawe unangoja dirisha. Macho yanayofifia yatakuonaje huko juu?

Leo omba ruhusa kazini. Kesho alfajiri pandeni basi hadi Msata, hapo mtapata lori la mananasi linalopita Kiwangwa kwenda Bagamoyo, na Mlingotini mtafika hata kwa baiskeli ya kukodi. Nguo za harusi Mwanajuma azifunge kwenye furushi, azivae akifika. Mwombe mkweo radhi, na dakika hamsini usizitaje tena. Jumanne ikiwakuta huko, mkalishe mkeo mlangoni penye mwanga, mbele ya mama yake. Wewe toka uani, uitazame ndege yako ikipita.