Nilinyoosha nyaya za breki, sasa naogopa kona

Mpendwa Mama Immakulata,

Shikamoo. Naomba unisaidie, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu mimi mwenyewe nikiisoma barua hii nacheka.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, na wakati nasubiri kujua nitaenda wapi namsaidia baba mdogo kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli hapa Kasulu, na mwanzoni alitaka nikae mbele nipokee wateja, lakini mtu akinisalimia natazama chini na kujibu kwa sauti ambayo hata mimi siisikii, basi akanipa spana, kwa kuwa spana haisalimii.

Baiskeli nilizojifunzia ni zile za mizigo, zinazoleta mihogo na mikungu ya ndizi kutoka Nyakitonto, ambazo breki zake hazina waya bali fito za chuma zilizonyooka kutoka kwenye usukani hadi kwenye gurudumu, na baba mdogo alinifundisha kwamba fito iliyopinda ni kazi mbovu na kwamba kitu chochote kinachochezacheza kwenye fremu unakifunga kwa mpira wa tyubu mpaka kinyamaze. Mimi nikifundishwa jambo nalishika kama amri ya Mungu.

Mwezi uliopita dada mmoja, fundi cherehani aliyekulia Mabamba, nitamwita Claudine, alituletea baiskeli ya mashindano, nyembamba, ina matairi kama vidole, na nyaya zake za breki zilikuwa zimetoka kwenye usukani zikapinda kwa mbele kama masharubu ya kambale, nikamhurumia kwa kuangukia mikononi mwa fundi mvivu. Alisema, "Mdogo wangu, hizi zimezeeka, niwekee mpya." Mimi nikaelekeza usukani mbele, nikapima, nikakata kava, yaani lile ganda gumu ambalo waya hupita ndani yake, nikalikata fupi mpaka kila kitu kikanyooka kama fito, kisha nikafunga kwenye fremu kwa vipande vyembamba vya tyubu, mafundo saba, na kila mkia wa fundo nikaukata kwa wembe.

Ilipendeza sana, Mama. Baba mdogo alimwita jirani yetu Athuman, ambaye siku zote husema binti kama mimi angefaa kuuza nyanya.

"Athuman, njoo uone. Kazi hii umewahi kuiona wapi?"

Athuman akainama, akatafuta kasoro, akakosa. "Nani kafanya?"

"Mwanangu huyu."

"Basi nyanya zitauzwa na mwingine," akasema.

Sijawahi kufurahi vile maishani, hata matokeo yalipotoka sikufurahi vile, ingawa matokeo nayo hayakujitahidi sana.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Claudine alikuwa anaiegemeza baiskeli ukutani, akaukata usukani kulia hadi mwisho, na gurudumu la mbele likagoma kuzunguka. Hakuna aliyeshika breki. Waya ni mfupi mno, usukani ukikata unavutwa na breki inajifunga yenyewe. Claudine akaiinua tu, akasema, "Bado mpya, itazoea." Mama, haitazoea.

Mwisho wa mwezi huu kuna mbio za vijana wa parokia kutoka Kasulu kwenda Kibondo, kuna miteremko, kuna kona, kuna mbuzi wasiojua kama kuna mbio, na Claudine ndiye msichana pekee aliyejiandikisha. Bahati ni kwamba mazoezi anafanyia baiskeli ya mizigo ya kaka yake, ile nyingine ameifunika kwa kitenge ndani, anasema nilivyoipamba hataki ichafuke kabla ya siku yake.

Nimekwenda kumwambia mara tatu. Mara ya kwanza nilimsalimia kwa Kiha, "mwakeye", tukaulizana habari za nyumbani, za maharage, za baba mdogo, na salamu zilipoisha ujasiri nao ulikuwa umeisha, nikamwuliza kama kengele inalia vizuri, na baiskeli ile haina kengele. Mara ya pili alikuwa na futi kamba shingoni, akadhani nimefuata gauni, nikashindwa kumkatalia, nikapimwa mabega, kiuno na urefu, na kitambaa sina. Mara ya tatu nilimpungia mkono dirishani, nikapita.

Nikisema, baba mdogo ataaibika, Athuman atanirudishia nyanya zangu, na mimi nitarudi kupokea wateja. Nisiposema, sentensi hii siwezi kuimaliza. Je, kuna namna ya kumwambia bila kumwambia? Nimefikiria hata kuiiba baiskeli, niirekebishe, niirudishe chini ya kitenge.

Ni mimi, Fundi wa Aibu, Kasulu. Tafadhali usitaje jina langu.

---

Binti yangu Fundi,

Marahaba. Jina lako sijalitaja, na ya wenzako nimeyabadilisha, ingawa sijui itasaidia nini, maana wasichana wa Kasulu wanaofunga nyaya kwa mafundo saba sidhani kama wanafika wawili.

Gazeti sikulingoja. Nilipiga ile namba iliyokuwa nyuma ya bahasha, akapokea baba yako mdogo. Nikasema namtafuta fundi wa nyaya. "Yupo, ila ana kazi nyingi siku hizi," akajibu kwa maringo yaliyonifanya niipende familia yenu, kisha akakupa simu. Nikasema mengi, nawe ukaitika "abee" mara tano. Abee si jibu. Kwa hiyo narudia hapa, mbele ya wasomaji wote.

Kukata kava fupi ni kosa la mtu mwenye bidii, nalo nilikusamehe hata kabla sijafika kwa Athuman. Kunyamaza ni jambo lingine. Mara ya kwanza ulishindwa kwa aibu, naelewa, nami nilikuwa hivyo hivyo nikiwa na umri wako. Lakini ulipopunga mkono dirishani hukuwa na aibu tena, ulikuwa unalinda sifa zako, na ulizilinda kwa gharama ya meno ya Claudine. Nimesema kwa ukali makusudi.

Kuhusu kazi yenyewe, nimemwuliza Twalibu, fundi aliye jirani na ofisi yetu. Alicheka sana, kisha akakiri kwamba naye alianzia kwenye fito na baiskeli yake ya kwanza ya waya aliiharibu vivyo hivyo. Anasema yale masharubu ya kambale yaliwekwa na fundi anayejua. Kabla ya kukata kava unageuza usukani hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto, unapima pale waya unapokwenda mbali zaidi, ndipo unashika kisu. Unadhifu wa waya ni mkunjo mmoja mpana, usiogusa tairi wala kukwaruza fremu, na karibu na usukani hufungi mpira hata mmoja. Zako hazirefushwi. Zitolewe, ziwekwe kava mpya na nyaya mpya, ni kazi ya asubuhi moja, na gharama ni yako.

Baba mdogo mwambie kwanza. Aukate usukani kwa mikono yake mwenyewe aone breki inavyojifunga, kwa sababu yeye ndiye aliyekufundisha kunyoosha, na kesho ataletewa nyingine ya aina hiyo. Ataona haya kidogo, atapona. Athuman mwache aseme, huyo angesema hata ungekosea kumimina chai. Na baiskeli ya watu usiiibe.

Kisha nenda kwa Claudine leo, na uvunje adabu kidogo. Najua kwetu mtu haanzi na shida kabla ya salamu, lakini wewe mkifika kwenye maharage tayari umeshaishiwa ujasiri. Simama mlangoni, kabla hajakuuliza lolote, useme: "Dada, usiipande ile baiskeli, nimekosea nyaya." Akishasikia hilo, msalimie.