Maziwa ya Mumina Yalipata Moto

Mtaa wa Pumwani,
Nairobi.
13 Septemba 1981

Mpendwa mwanangu Hamidi,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Jeddah, na kwamba lile jino lililokusumbua wakati wa mfungo limekwisha kung'olewa. Sisi hatujambo. Mguu wa mke wangu Bi Muhiba umepona, na sasa anakwenda tena sokoni Kariokor kwa miguu na kurudi akilalamika bei tu, si maumivu.

Barua yako niliipata. Umeandika tarehe juu, kama nilivyokufundisha, na hati inasomeka. Lakini ndani yake mna sentensi moja iliyonizuia kula siku hiyo. Umeandika kwamba umejilazimisha kumsahau Lela uliyemposa, kwa kuwa mimi ami yako hawezi kusema jambo asilolihakiki. Hamidi, nililisema bila kulihakiki.

Naona aibu kuandika haya, lakini nitayaandika kwa utaratibu.

Unajua kazi yangu ni kupima maziwa katika kile kiwanda kidogo. Ndani ya maziwa mna kitu cha asili ambacho hufa kwa joto lile lile linaloua vijidudu vya maradhi. Tukitia dawa katika kichupa, maziwa yaliyopata moto wa kutosha hubaki meupe. Yasiyopata hugeuka manjano. Kwa miaka kumi na minane nimeiamini rangi hiyo kuliko ulimi wa mtu.

Mwezi wa Aprili, wazazi wa shule ya watoto wadogo hapa mtaani waliniomba niyapime maziwa yanayouzwa shuleni. Palikuwa na ya ng'ombe, ya mbuzi, na ya ngamia, ambayo Mumina, mama yake Lela, huletewa kwa basi kutoka Isiolo. Ya ng'ombe na ya mbuzi yalipita. Ya Mumina yakawa manjano kama kiini cha yai.

Alisema ameyapasha moto mwenyewe, sufuria ndani ya sufuria yenye maji, nusu saa nzima bila kuyaacha yachemke, kama alivyoonyeshwa na muuguzi.

"Mzee Idarusi," aliniambia, "njoo jikoni kwangu uyapashe kwa mkono wako, kisha utie hiyo dawa yako."

Nilimjibu kwamba dawa haihitaji kwenda jikoni. Watu wakacheka, nami, Mungu anisamehe, nilipendezwa na kicheko chao. Nikalimwaga debe lake lote mtaroni. Shitanda, mwenyekiti wa wazazi, akapaza sauti: "Mama Lela, hiyo maziwa yako imeanguka mtihani!" Tangu siku ile watu wakawa wanamwita Mama Manjano, hata watoto waliokuwa wakinywa maziwa yake.

Wiki ile ile nilikuandikia kwamba binti wa mwanamke anayewadanganya watoto wa watu hafai kuingia katika ukoo wetu. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mshenga wako, nilikwenda mwenyewe kuivunja posa. Mumina alinifungulia mlango nitoke.

Mwezi uliopita Kanyiva, msichana aliyeajiriwa kiwandani kwetu mwaka huu, aliniuliza swali huku akiosha vichupa.

"Mzee, hiyo ya ngamia umewahi kuipasha moto wewe mwenyewe?"

Nikasema kipimo ni kipimo.

"Ya ng'ombe tulifundishwa," akasema. "Ya ngamia tulifundishwa na nani?"

Nilinunua maziwa ya ngamia kwa mtu mwingine, kwa kuwa sikuthubutu kwenda kwa Mumina. Tukayapasha moto, kipimajoto nimekishika mwenyewe: digrii sitini na tatu, nusu saa kamili. Manjano. Tukachukua mengine, tukayafikisha sabini na mbili. Manjano. Nikadhani dawa imeharibika. Tukaitia katika maziwa ya ng'ombe yaliyopashwa vile vile, yakabaki meupe. Kumbe kile kitu kilichomo katika maziwa ya ngamia hakifi upesi kama cha ng'ombe. Ya mbuzi nayo, tulipoyapima yakiwa mabichi kabisa, yalibadilika rangi kidogo sana, hata mtu mwenye haraka angeyapitisha. Mimi nilikuwa na haraka mwezi wa Aprili. Sasa nimeagiza ya mbuzi yachemshwe hapo hapo shuleni, mwalimu akiona.

Juma lililopita nilikwenda kwa Mumina nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamimina kikombe cha maziwa, akakiweka mbele yangu.

"Kunywa, Mzee. Ukigeuka manjano tutajua."

Nikanywa. Kisha akaniuliza, "Siku ile ulisema mbele ya watu wangapi?"

Nikasema wapata sitini.

"Na leo?"

Tulikuwa wawili tu.

Basi jana wazazi walipokutana, nilisimama pale pale penye mtaro. Nilisema kwamba maziwa ya Mumina yalipata moto wa kutosha, kwamba aliniita nikashuhudie nikakataa, na kwamba mwongo siku ile hakuwa yeye. Nilitamani wanicheke. Hakuna aliyecheka. Shitanda alitazama viatu vyake. Mumina, aliyekuwa nyuma pamoja na Lela, aliitikia kwa kichwa mara moja, akajitwika debe lake akaenda kuuza.

Nilimwomba Lela asubiri kidogo. Nikamwambia kwamba lile neno nililowapelekea nimelirudisha.

"Nimekusikia, Mzee," akasema. "Wewe umesema mbele ya watu. Lakini Hamidi ana kalamu. Miezi mitano nimengoja aniulize mara moja tu kama ni kweli."

Nikasema ulikuwa ukinitii mimi.

"Najua," akasema. "Hilo ndilo ninaloliogopa."

Hakukubali wala hakukataa, nami sikumwuliza tena.

Mwanangu, mimi ndimi niliyekufundisha kwamba neno la mkubwa halihojiwi. Hilo nalo nalirudisha. Mwandikie Lela. Usimsimulie kosa langu, maana amelisikia kinywani mwangu. Mwambie kwa nini hukuuliza. Na barua hiyo usiipitishe kwangu niisahihishe kwanza, kama ulivyokuwa ukifanya. Ipeleke na makosa yake.

Bi Muhiba anakusalimu sana. Nawe unisalimie Faki na mkewe Waridi, waliokupokea ugenini kama ndugu. Mwenyezi Mungu akulinde, akupe moyo wa kuuliza kabla ya kuhukumu, ambao mimi nimeupata uzeeni.

Ni mimi ami yako, niliyekukosea na ninayekupenda,

Idarusi