Kufuli la Chumba cha Pamba

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Bariadi. Tarehe 14/04/2020, saa 8:10 mchana.
Jina: Elina Mboje. Umri: miaka 15. Kazi: mwanafunzi, kidato cha pili. Makazi: Kasoli, kwa bibi yake.

Nimekuja mwenyewe, kwa sababu bibi yangu Milembe yuko mahabusu kwa kosa la kumfungia mwanaye. Kufuli nililifunga mimi.

Mnamo tarehe 08/04/2020, saa 11 jioni, mjomba Mhoja, dereva wa lori, alirudi kutoka Zambia. Hakumpa mtu mkono. Alisema njiani ameona wagonjwa wa korona, hivyo atakaa peke yake siku kumi na nne katika chumba cha pamba, ambacho kilikuwa kitupu.

Tarehe 10 alianza kukohoa. Binti yake Anna, miaka mitatu, alikuwa akisukuma mlango kumfuata. Mara mbili nilimdaka kizingitini. Mjomba alinipa kufuli dirishani, akaniita mama kwa Kisukuma, akasema, "Funga, mayu. Nikimwona tena nitambeba." Nikafunga, nikamrudishia ufunguo.

Tarehe 13, saa 1 asubuhi, jirani aliliona kufuli, akapiga mwano. Watu kama arobaini walikuja na fimbo, kama inavyopasa yowe likipigwa. Kamanda wa sungusungu, mzee Masele, alisema, "Mayu, fungua. Mtu si mbuzi."

Bibi alijibu, "Mbuzi ningemfungulia. Nendeni mkanawe."

Mjomba alipaza sauti, "Baba Masele, niko hai, nimeshiba! Usisogee!" Watu wakasema amelazimishwa.

Mzee Masele alipoushika mlango, bibi alimpiga mkononi kwa mwiko wa ugali, mara mbili. Ndugu waliniomba nisiliseme hili, lakini ni kweli, na mwiko ulikuwa wa moto. Baadaye bibi alilia. Alisema mkono ule ndio uliombeba mjomba hadi zahanati alipougua surua utotoni, na hakuona namna nyingine ya kuuondoa pale.

Tangu jana, polisi walipomchukua bibi kwa malalamiko ya mzee Masele, mjomba anakula uji wangu. Una madonge, naye anausifu. Anna anamlilia bibi. Kama kufunga ni kosa, naomba nibaki mimi.

Nimesomewa niliyoyasema, na sina la kupunguza.
Sahihi: E. Mboje

Maelezo nimeyaandika mimi, WP Sikuzani, mbele ya mwalimu wa shahidi. Mlalamikaji Masele aliomba asomewe. Alitazama bandeji yake, akasema nyumbani anamlisha mama yake, miaka tisini, kwa mkono huo uliozuiwa mlangoni. Ameondoa malalamiko. Milembe ametoka saa 10:25 jioni. Shahidi alipiga magoti hatua nne kutoka kwake, akamwamkia. Hawakugusana.