Kijiji cha Kwenye Kitambaa Cheupe

Temeke, Dar es Salaam
12 Juni 1976

Mdogo wangu mpenzi Eufrazia,

Najua kabla hujaufikia mstari wa pili utakuwa umeshaniamkia moyoni, basi marahaba. Nataraji mihogo imekubali mwaka huu, na macho yako hayakusumbui kama zamani. Mimi nipo. Miguu imevimba, na kutoka kitandani hadi mlangoni pumzi inanikatika. Mganga wa zahanati alinipima, kisha akamwambia mjukuu wangu Filomena anipe chochote ninachokitamani. Nilimwelewa.

Nilichokitamani ni sinema. Kila Jumamosi mchana Filomena hunishika mkono, na mwendo wa dakika kumi tunautembea kwa saa nzima. Picha ya Kihindi ilinichosha na kunipendeza. Mama anampoteza mtoto, watu wanaimba mvuani miaka ishirini, kisha anamtambua kwa kovu. Filomena alilia hadi akaazima leso ya mwanamke asiyemjua. Mimi nilijiambia kwamba walioitunga ni waongo, ila wana huruma. Ya kauboi sikuipenda. Wanauana tangu mwanzo, wala hakuna anayeuliza nani atachimba makaburi. Baada ya ile ya kareti vijana walitoka wakirushiana mateke barabarani, na jirani yetu Mzee Mfaume akasema kwamba, ukiacha nyonga, yeye hana kinachomzuia kujiunga nao.

Jumamosi iliyopita, kabla ya picha kubwa, walionyesha picha fupi ya habari za vijiji. Niliitambua kabla msemaji hajafungua kinywa: bomba linamwaga maji, nyumba za bati zimepangwa mstari, mwanamke mwenye kilemba cha madoa anacheka na ndoo yake. Nilimkamata Filomena mkono kwa nguvu hadi akadhani pumzi imenikatika. Msemaji alisema kijiji hicho kiko kaskazini, chini ya milima. Ni safari ya siku tatu kutoka kwenu. Mimi nilikuwa nalijua hilo siku nyingi.

Unaikumbuka jioni ile ya mwaka 1973, gari la sinema lilipofika kijijini kwetu. Nilikuwa nimeshaacha ualimu, nimekuwa mkalimani wa gari hilo. Picha zilisema Kiingereza, nami nilishika kipaza sauti na kuwaeleza watu. Sisi wakalimani tulikuwa na desturi yetu. Kila aliyeonekana kwenye kitambaa cheupe cha sinema tulimpa jina la mtu wa pale tulipo, ili watu wacheke. Mzungu mnene alipewa jina la mwenye duka, mbuzi akapewa la mlevi anayejulikana. Kwa kazi hiyo nilisifiwa wilaya nzima.

Sasa kaa chini kwanza, mdogo wangu. Miaka mitatu umeamini kwamba mwenyekiti wenu Theonest ndiye aliyeniandikia maneno niliyoyasema jioni ile. Mimi ndiye niliyekuambia hivyo, kwenye matanga ya mama. Hapakuwa na karatasi yoyote. Mchana wa siku hiyo Theonest alinijia faraghani. Akanieleza kwamba huko mnakotakiwa kuhamia kisima hakijatoa maji, hakuna hata nyumba moja, na kwamba anaomba wilayani muachwe hadi mvua ziishe. Akanisihi, "Mwalimu, wewe wanakuamini. Usiwatie haraka." Nikamwahidi.

Kisha picha hiyohiyo ya bomba na mwanamke mwenye kilemba ikaanza, watu wakacheka, nami nikalewa kicheko chao. Mama akasimama katikati ya wote akauliza, "Mwanangu, huko kwenye maji ni wapi?"

Ningeweza kusema ni mbali. Nikajibu kwa kipaza sauti, "Huko ndiko mnakohamia, mama. Na huyo anayecheka ndiye jirani yako."

Mlipiga makofi nyote. Theonest alikuwa amesimama nyuma. Mbele ya maofisa wa wilaya waliokuja na gari letu asingeweza kunikanusha, na hadi leo hajanitaja kwa mtu. Asubuhi mama alikuwa wa kwanza kujitwisha mkeka. Yaliyofuata uliniandikia wewe: wiki tatu za mvua chini ya turubai, kifua kikambana, na hadi siku ya mwisho akawa anauliza jirani yake mwenye kilemba anakaa nyumba ipi.

Sasa umemkatalia Benedicta asiolewe na Romani kwa sababu ni mwana wa Theonest. Uliandika kwamba huwezi kumpeleka binti yako kwenye nyumba ya mtu aliyemuua mama yetu. Barua hiyo iko chini ya mto wangu tangu Pasaka, na kila siku nimesema nitaijibu kesho. Mtu huyo hakai kijijini kwenu, Eufrazia. Anakaa Temeke, na mwandiko wake unaujua tangu utoto.

Nakuomba jambo moja. Chukua barua hii uende nayo kwa Theonest, umsomee yote kwa sauti, Benedicta akiwapo. Akitaka kuwasomea na wengine, mwachie. Kisha wapeni watoto siku yao, wala msiingoje afya yangu.

Filomena anakuamkia. Nilimweleza haya jana, na leo amenipikia uji. Mzee Mfaume anakusalimu ingawa hamjaonana. Wasalimie wote watakaokubali salamu zangu. Anwani iko nyuma ya bahasha, kama utapenda kujibu. Usipojibu, nitajua umeisoma.

Ni mimi kaka yako,
Fransis