Nimemfukuza mtu wa msamaha wa bili ya umeme

Ngo! Ngo! Ngo! Mlango uligongwa kama na polisi. Nikajua ni fundi wa umeme, amekuja kutukatia kwa deni la bili.

Ndugu yangu, sikufungua. Nilimtungia shairi palepale, mtaa mzima ukisikia: "Mwizi wa mwanga ondoka, nuru yetu huizimi!" Ubeti mzima! Majirani wakapiga makofi, nami kichwa kikavimba.

Kumbe ni dada wa ofisi ya umeme, anaandikisha waliopoteza kazi kwa korona ili wafutiwe bili. WAFUTIWE, unasikia?

Akasema kupitia dirishani, barakoa usoni, "Kaka, sijaja kukata. Nimekuja kuwaandikisha."

Badala ya kunyamaza nikajibu, "Hatuombi sadaka hapa!" Hatuombi sadaka! Mimi huyu! Akaenda zake.

Mama alikuwa kwenye cherehani ya umeme, ndiyo inayotulisha tangu kazi yangu ife. Akaizima.

"Shairi zuri, baba. Sasa liambie linishonee hizi barakoa."

Nikachungulia nje.

Yule dada bado yuko nyumba ya tatu, navaa viatu. Nimemwambia mama kwa sauti ileile, majirani wasikie: "Mama, namrudisha hapa sasa hivi, na radhi nitamwomba mbele ya mtaa mzima."