Kituo cha Maziwa Langoni Petu

Mama,

Ng'ombe yuko salama. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza. Siku hizi anakamwa na baba mdogo Kariuki, naye anasema bado anageuza kichwa mlango wa jikoni ukifunguka.

Nilimaliza shule. Ulikuwa ukisema siku hiyo ikifika nitaenda Nairobi kama wengine, nikuache hapa Tetu ukiongea na ng'ombe. Sikufikiri wewe ndiye ungetangulia kutoka nyumbani. Mimi sikwenda. Chuo kimoja cha ufundi mjini Nyeri, chama cha wafugaji na wenye malori wameungana kutufundisha vijana kazi za usafirishaji wa kisasa. Wengine wanajifunza kutengeneza vyumba vya baridi, wengine programu za simu. Mimi niko na wale wanaopanga njia za magari kwa kompyuta, ili maziwa ya huku na mboga za Karatina zisiharibike zikingoja. Wanasema tukifaulu, kazi zitabaki huku kwetu, na sisi pia.

Nakumbuka asubuhi zetu langoni. Uliwawekea majirani ubao wa kuwekea mitungi kando ya ua, wakazoea kuleta maziwa hapo, mpaka mahali pakaitwa kwa Mama Nyokabi. Mimi nilisimama nyuma yako, nawe ukanisukuma mbele.

"Salimia watu, Nyokabi. Hawaumi."

"Huyu ataongea akiolewa," Mama Gathoni alikuwa akisema.

"Mwache, anasikiliza."

Hata baada ya mazishi, majirani hawakubadilisha jina. Kompyuta ndiyo iliyolibadilisha. Chuoni walipoingiza vituo kwenye kompyuta, walifuata orodha ya wanachama, na uanachama wako ulikuwa umehamia kwa baba mdogo. Kituo chetu kikaandikwa kwa Kariuki. Siku ya kwanza ya majaribio dereva alikuwa mgeni, na ramani ilikuwa bado haijakamilika, kwa hiyo akauliza njiani. Unatujua, kila nyumba ina mtoto aliyepewa jina la guka, babu yake. Akaelekezwa kwa Kariuki wa ng'ambo ya mto, kisha kwa Kariuki fundi wa viatu. Jua likapanda. Maziwa ya majirani wote yakachachia langoni petu, na watu wakasema hawataki tena mambo ya kompyuta.

Mama Gathoni alikuja chuoni na mtungi wake, akauweka mbele ya mwalimu.

"Onja," akamwambia.

Mwalimu hakuonja. Aliomba msamaha, kisha akatugeukia. "Hapo mahali watu hupaita aje?"

Mle darasani, mtu wa kwetu nilikuwa mimi peke yangu. Lakini jina lako lina langu ndani yake, na kulitaja kulikuwa kama kuomba kituo kiitwe kwa jina langu. Tena niliogopa mtu atauliza huyo mama yuko wapi. Mama Gathoni alinitazama tu. Angeweza kusema yeye. Sijui kwa nini alingoja.

Nikasimama. "Kwa Mama Nyokabi."

"Ati nini? Ongeza sauti," Muchiri akasema kutoka nyuma. "Kumbe Nyokabi anataka steji yake."

Wakacheka.

"Ni ya mamangu," nikasema. "Alikufa. Lakini ndilo jina watu wanajua."

Sikuwa nimewahi kulisema neno hilo mbele ya watu, Mama. Hata nyumbani tunasema ulituacha. Mwalimu akaniita niandike jina mwenyewe, na Muchiri akasogeza kiti chake nipite. Nikakosea herufi, nikafuta, nikaandika tena.

Wiki hii ni zamu yangu kuwafuatilia madereva kwa simu. Majirani walikubali kutujaribu tena, mara moja tu. Jana nilimpigia dereva yule yule, nikamwuliza amefika wapi.

"Niko kwa Mama Nyokabi," akasema. "Napakia."

Nyuma yake nilisikia mitungi ikigongana, na akina mama wakiongea wote kwa pamoja. Nilitaka kumwambia akusalimie. Nikamwambia, "Sawa. Ukimaliza nijulishe."

Lala salama, Mama. Maziwa yaliondoka mapema.

Binti yako,
Nyokabi