Injini Inayozunguka Kinyume

Nyumbani, 6 Februari

Binti yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi sijambo. Presha imetulia, ila goti ndilo linanikumbusha kila ngazi niliyopanda maishani. Shangazi yako anakusalimu sana.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Barua za nyumba hii alikuwa anaandika Mama yako, mimi naongeza salamu chini kama mtu anayetia chumvi. Sasa Mama yako hayupo, na simu unajua mwenyewe, masikio yangu niliyaacha karakana ya reli pamoja na ujana wangu. Ulipopiga juzi nilijibu "ndiyo" kila uliponyamaza. Kama kuna jambo niliahidi, nisamehe.

Nimerudi kwenye chumba cha nyuma. Unakikumbuka: mashine ya kukereza iko dirishani, jiriwa ya kubania vyuma pembeni, meza katikati, kiti changu upande huu na cha Mama yako upande ule. Nimeanza injini ya mvuke, ndogo, ya kubebwa kwa mkono mmoja. Silinda moja, boila la shaba. Ni ile tuliyopanga na Mama yako kabla hajalazwa, na shaba yenyewe aliichagua yeye.

Nitakwambia ukweli, maana kwenye karatasi ni rahisi. Tangu mazishi sijalia. Nakula, naoga, nalala. Shangazi yako ananitazama kama sufuria ya maziwa jikoni, anangoja nichemke. Sichemki. Ni ganzi tu, kama mguu uliokaliwa vibaya, ila ni mwili mzima.

Kwa hiyo nimejiwekea hivi. Injini hii ikizunguka sawasawa, nitaendelea na kazi zangu. Ikinishinda, mashine ya kukereza nampa fundi wa mageti hapa jirani, ambaye ameitamani siku nyingi. Nafunga chumba, nahamia kwa shangazi yako nimsaidie kutazama ukuta.

Kiti cha Mama yako nimekiwekea sanduku la vyuma chakavu, kisikae bure.

Ni mimi,
Baba yako


Kazini, 20 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, hali ya hewa tu ndiyo inanipa mafua. Pole na goti. Yale mafuta ya kuchua yapo kwenye kabati la jikoni, rafu ya juu, nyuma ya kopo la sukari. Mama aliyaficha huko kwa sababu ulikuwa unayapaka kwenye mashine.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilikuwa nafikiri ni mimi peke yangu. Nilirudi kiwandani nikapewa kola za mashati, nikashona kola kutwa nzima, na jioni mwenzangu wa chumbani akasimulia kichekesho nikacheka. Nikajiuliza, huyu anayecheka ni nani? Wenzangu wananipa pole, nami naipokea kama mtu anayemshikia mwingine mzigo.

Msimamizi ameniambia naweza kuchukua likizo mwezi wa saba. Sijamjibu. Nakwambia na wewe ukweli: naogopa kuja. Naogopa kufika mlangoni kwenu, nitazame ndani, nisihisi chochote.

Nina swali. Kile kisahani cha kuongoza mvuke utakifunga na nani? Nikiwa mdogo nilikuwa nasimama pale mlangoni nawatazama. Mama anazungusha gurudumu kwa kidole, polepole, mpaka linafika mahali pake, anasema "hapo", na wewe unakaza skrubu. Ile haikuwahi kuwa kazi ya mtu mmoja.

Tafadhali usiwe na haraka na hayo mambo ya kufunga chumba.

Mwanao


Nyumbani, 17 Aprili

Binti yangu,

Salamu nyingi. Natumaini mafua yamekwisha. Mafuta nimeyaona. Nimepaka goti, na kidogo nimepaka mashine, maana hakuna wa kunikataza.

Kazi inakwenda. Pistoni niliikereza ikawa nyembamba, nikaitupa, nikakereza nyingine ikabana, ya tatu ikaingia ndani ya silinda ikiteleza vizuri. Boila nimelilehemu, nikalijaza maji baridi na kulisukumia presha kwa pampu, halikutoa hata tone. Zamani siku kama hiyo ningepiga mluzi nyumba nzima. Nilifuta mikono nikaenda kulala.

Umeuliza kuhusu kisahani. Kweli, ndicho kinachoamua mvuke uingie wakati gani na gurudumu liende upande gani, na kikikaa vibaya injini haina maana. Shangazi yako alijitolea kunisaidia. Akasema "hapo" kabla hajaligusa gurudumu. Nikamshukuru, nikamwomba chai.

Mwishowe nimekifunga peke yangu. Kidole cha mkono wa kushoto kwenye gurudumu, bisibisi mkono wa kulia. Hapakuwa na wa kusema "hapo". Nikakaza tu.

Fundi wa mageti alipita kunijulia hali. Aliniuliza goti huku macho yapo kwenye mashine ya kukereza, kama bwana harusi anayezungumza na mkwe. Nilimwambia asubiri.

Kuhusu likizo sikulazimishi. Nyumba haina kipya cha kukuonyesha.

Baba yako


Nyumbani, 29 Mei

Binti yangu,

Hujambo? Sijapata barua yako. Labda posta, au labda kola zimekuwa nyingi. Sisi wazima.

Nimeiwasha. Asubuhi, baada ya chai. Niliweka injini mezani, nikajaza maji, nikawasha moto wa spiriti chini ya boila, nikakaa kwenye kiti changu nikangoja. Mvuke ulipopanda nikasukuma gurudumu kidogo, likashika. Lilikwenda laini, halikugonga wala kutetemeka.

Ila linazunguka kinyume.

Nimekuwa nikitengeneza injini hizi tangu hujazaliwa, na kila moja inakwenda kama mshale wa saa. Hii inarudi kushoto, kama saa inayodaiwa muda. Niliitazama mpaka maji yakaisha.

Najua utasema ni jambo dogo, nilegeze skrubu moja, nikigeuze kisahani, niwashe tena. Ni kweli, hata mwanafunzi analiweza. Lakini nilichukua bisibisi nikairudisha. Fundi akikosea kisahani, ajue kazi imemuaga. Sikukasirika hata kidogo. Afadhali ningekasirika.

Nimemwambia fundi wa mageti aje kuchukua mashine Jumamosi ya mwisho ya Juni, akipata mkokoteni. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Shangazi yako ameshanitandikia kitanda.

Usihuzunike. Nimefanya kama nilivyosema.

Baba yako


Kazini, 21 Juni

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Barua ya Aprili niliipata, nikaanza kujibu mara kadhaa, kila nikifika kwenye "nyumba haina kipya" kalamu inasimama. Hii nampa dereva wa kiwanda anayepita huko, posta naiogopa. Nimemwambia akupe mkononi.

Usimpe mtu mashine. Na usiguse ile skrubu.

Baba, injini haiendi kinyume. Ni wewe uliyekaa nyuma yake.

Injini zako zote uliziweka mezani uso wa gurudumu ukimwelekea Mama, kwa sababu yeye ndiye aliyelizungusha. Upande wako ulikuwa wa mgongo. Ukishawasha moto na mvuke ukipanda, ulikuwa unainuka, unaizunguka meza, unakwenda kusimama nyuma ya kiti chake, mkono wako begani kwake, mnatazama pamoja. Kila mara. Hujawahi kutazama injini yako ikizunguka ukiwa kwenye kiti chako. Mimi niliyekuwa mlangoni niliona pande zote mbili. Kwako lilikwenda kushoto, kwake lilikwenda kama saa.

Safari hii mikono yako imeiweka injini kama ilivyozoea, na kisahani umekifunga kama ulivyozoea. Hukukosea kitu. Hukuinuka tu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kwenda kusimama nyuma yake.

Toa lile sanduku la vyuma. Kaa kwenye kiti cha Mama. Iwashe.

Nilipolielewa jambo hili nilikuwa kwenye cherehani. Nilishona mkono wa shati ukafungwa kama mfuko, na msimamizi aliponijia alinikuta nalia. Alinipeleka nje, akakaa nami mpaka nikatulia.

Mwanao


Nyumbani, 2 Julai

Binti yangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Goti limepona kidogo, au nimelisahau.

Dereva wenu alifika Ijumaa jioni, akanipa barua, akakataa hata maji. Niliisoma nimesimama. Sikuamini. Fundi mzima nifundishwe kukaa! Nikaiweka chini ya taa nikalala.

Asubuhi nikaingia chumba cha nyuma. Lile sanduku ni zito, nililiburuta. Chini yake kwenye kiti palikuwa na kile kitambaa Mama yako alichokuwa anafutia vidole, kimegandamana na mafuta. Nikakaa. Kiti kile ni kifupi, binti yangu. Ukikaa pale unamwona mtu wa upande wa pili ukimtazama kutoka chini kidogo, na unaona dirisha lote nyuma yake. Sikujua kama alikuwa ananiona hivyo.

Nikaiwasha. Mvuke ukapanda, nikasukuma, likashika. Likaenda kama mshale wa saa, sawasawa kabisa, na kile kiti changu cha upande wa pili kilikuwa kitupu.

Nililia mpaka masikio haya yakasikia. Fundi wa mageti aliingia na mkokoteni wake akidhani mashine imenikata, akaishika mikono yangu akaanza kuhesabu vidole. Vilipotimia akachanganyikiwa zaidi. Shangazi yako akafika mbio akakuta maziwa yameshamwagika. Akakaa sakafuni akalia na yeye, nadhani machozi yake alikuwa ameyashikilia kwa ajili yangu.

Nimemwambia fundi mashine haitoki. Aliitazama injini ikizunguka, akasema, "Mzee, kama ni hivyo basi angalau nipe chai." Nilimpa. Sasa anakuja kukereza vipande vyake hapa, na anaongea sana, lakini simsikii.

Nisikudanganye kuwa ganzi imekwisha. Siku nyingi bado iko. Ila unajua mguu ukianza kuamka, ndipo unapochoma.

Nimeanza injini nyingine. Silinda nimeshaitoboa, gurudumu liko kwenye mashine. Skrubu ya kisahani nimeiweka kando, na sitaikaza peke yangu tena. Mwambie msimamizi wako unaitaka ile likizo.

Na ukifika usisimame mlangoni. Kiti cha Mama yako nimekifuta vumbi.

Baba yako